Ada ya Dola, Mshahara wa Shilingi

Dola 25,000 kwa mwaka, ukiibadilisha kwa shilingi 2,500, ni shilingi milioni 62 na nusu. Igawanye kwa miezi 12 unapata milioni 5.2 kila mwezi. Hizo ni fedha zilizokwisha kukatwa kodi. Mshahara ukishavuka milioni moja kwa mwezi, kila shilingi ya juu yake TRA huchukua asilimia 30, kwa hiyo mwajiriwa anayelipa mwenyewe anahitaji nyongeza ya karibu milioni 7.4 kwenye mshahara ghafi ili ipatikane ada ya mtoto mmoja, kabla hajanunua hata kilo ya unga.

Sikuiokota hewani hiyo dola 25,000. Katika shule kubwa za kimataifa za ukanda huu zenye sura ya Kimarekani, ada ya sekondari imeshavuka dola 20,000 kwa mwaka, na vinavyoambatana nayo ndivyo vinavyoisukuma mbele. Dar es Salaam kuna International School of Tanganyika (IST), iliyofunguliwa mwaka 1963, watoto wadogo wakisoma Upanga na wakubwa Masaki. Nairobi kuna International School of Kenya (ISK) ya mwaka 1976, iliyoanzishwa kwa ushirikiano wa serikali za Marekani na Kanada. Kuna pia Rosslyn Academy, shule ya Kikristo iliyozaliwa upande wetu, Mara, mwaka 1947, mikononi mwa wamisionari wa Kimenoni, kisha ikahamia Nairobi. Kijabe, ukingoni mwa Bonde la Ufa, ipo Rift Valley Academy ya bweni, ya mwaka 1906, ambayo Theodore Roosevelt aliiwekea jiwe la msingi mwaka 1909 alipokuja kuwinda. Kampala wana International School of Uganda (ISU). Bei zao hazilingani. Za kimisionari huwa chini ya zile za mabalozi, na kwenye shule za aina hiyo ni jambo la kawaida familia ya mmisionari kulipa ada moja na familia ya mfanyabiashara kulipa nyingine.

Kinachoziunganisha ni namna ya kusoma. Kwa nyingi, mwaka unaanza Agosti na kwisha Juni. Madarasa yanahesabiwa toka chekechea hadi gredi ya 12. Mtoto hapimwi kwa mtihani mmoja wa mwisho. Alama za kila kazi ya darasani, kila muhula, zinakusanywa hadi kupata wastani wa GPA, na wastani huo unaobeba miaka minne ya mwisho, gredi ya 9 hadi ya 12, ndio unaopelekwa chuoni pamoja na barua za walimu na orodha ya alichofanya nje ya darasa. Shule nyingine huongeza masomo ya AP (Advanced Placement), yenye mtihani kila Mei na alama kuanzia 1 hadi 5. Nyingine, kama IST na ISK, hutumia programu ya IB (International Baccalaureate) katika miaka miwili ya mwisho huku zikibaki na kalenda na tabia za Kimarekani. Darasa lina watoto wachache, na yupo mshauri wa vyuo anayemjua mtoto wako kwa jina. Elimu yenyewe ni nzuri, na sina ugomvi nayo. Ninachotaka tukiangalie ni nani anailipia.

Fikiria familia tatu zilizoketi kwenye benchi moja uwanjani, watoto wao wakicheza mpira. Ya kwanza ni ya ofisa wa ubalozi wa Marekani. Serikali yake humpa posho ya elimu ya mtoto toka chekechea hadi gredi ya 12, na kiwango cha posho hupangwa mji kwa mji kulingana na gharama ya shule inayofaa katika mji huo. Ada ikipanda, posho nayo hupitiwa upya. Ya pili ni ya mtumishi wa kimataifa wa Umoja wa Mataifa. Yeye ana ruzuku ya elimu inayorudisha asilimia 86 ya sehemu ya kwanza ya gharama, kisha asilimia inashuka hatua kwa hatua kadiri gharama zinavyopanda, mpaka kufikia kiwango ambacho juu yake halipwi kitu. Ruzuku hiyo ni ya anayefanya kazi nje ya nchi yake. Mtanzania aliyeajiriwa na shirika la Umoja wa Mataifa Dar es Salaam kwa mkataba wa mtumishi wa ndani haipati. Mtanzania yuleyule akipata nafasi ya kimataifa Gigiri, Nairobi, anaipata. Familia ya tatu ni ya mwenye duka la vipuri, au daktari mwenye kliniki yake, au mkurugenzi wa kampuni ya ndani. Hiyo inalipa kila senti kutoka mfukoni.

Watoto wote watatu wana dawati la aina moja na mwalimu mmoja, lakini bei wanayoiona wazazi wao si moja. Bodi ya shule inapokaa kupandisha ada, inajua sehemu kubwa ya wanaolipa ni taasisi zenye bajeti, si watu wenye mishahara. Hakuna hila hapo. Mwalimu wa kigeni huajiriwa pamoja na nyumba, bima ya afya na tiketi ya kwenda likizo kwao, na vitu hivyo havipungui bei kwa kuwa wewe umechoka. Lakini hesabu inakugeukia. Ada ya dola 20,000 ikipanda asilimia 4 tu kila mwaka, mtoto aliyeingia chekechea anafika gredi ya 12 ikiwa dola 32,000.

Kisha kuna shilingi yenyewe. Mwaka 2013 dola moja ilikuwa kwenye shilingi 1,600 hivi za Tanzania; mwaka 2024 ilizunguka 2,600. Mzazi aliyelipa dola 20,000 mwaka ule alitoa milioni 32. Kwa ada ileile, bila shule kuongeza hata dola moja, miaka 11 baadaye alitoa milioni 52. Wakenya walionja kali zaidi kwa muda mfupi zaidi: kutoka shilingi 86 hivi kwa dola mwaka 2013 mpaka karibu 160 Januari 2024, kisha ikarudi na kutulia karibu na 129. Aliyelipa ada Januari ile na aliyelipa mwishoni mwa mwaka walitofautiana kwa zaidi ya laki sita za Kenya kwa mtoto mmoja.

Kanuni zilizotoka Machi 2025 zimepiga marufuku bidhaa na huduma za ndani ya Tanzania kupangiwa bei au kulipwa kwa fedha za kigeni. Wapo waliosherehekea. Lakini mishahara ya walimu wa kigeni, bima zao na malipo ya mitihani ya nje hayajaacha kuhesabiwa kwa dola, na shule yenye matumizi ya dola na mapato ya shilingi haina budi kuipanga upya bei ya shilingi kila dola inapopanda. Ankara imebadilisha sura tu. Mwenye mapato ya shilingi ajiwekee akilini kwamba dola itapanda wakati wowote katika miaka 13, kisha aangalie kama bado anaweza.

Ada iliyoandikwa kwenye tovuti pia si ile utakayolipa. Kuna malipo ya kuomba nafasi, ambayo hayarudi hata mtoto akikataliwa. Kuna mchango wa majengo, ambao baadhi ya shule huudai mara moja mtoto anapoingia na nyingine hugawanya kwa miaka, na mara nyingi ni maelfu ya dola. Kuna amana. Kuna basi, chakula cha mchana, kompyuta mpakato, sare za michezo. Mtoto ambaye Kiingereza chake hakijakaa sawa, au anayehitaji msaada wa pekee wa kusoma, anaweza kuwekewa malipo ya ziada. Mtihani mmoja wa AP nje ya Marekani ni kama dola 129. Mitano ni dola 645, karibu milioni 1.6. SAT kwa aliyeko nje inapita dola 100 kwa kila mara, na watoto huifanya mara mbili.

Halafu michezo. IST, ISK, ISU na shule wenza za Lusaka, Johannesburg na kwingineko hushindana katika umoja uitwao ISSEA, na mashindano hayo huwapeleka watoto nje ya nchi kwa ndege, wakilala nyumbani kwa familia za shule mwenyeji. Ni malezi mazuri sana, na mtoto wa miaka 15 aliyelala Lusaka kwa watu asiowajua hukua kwa haraka. Wewe uliza tu tiketi inalipwa na nani. Ukiitembelea shule, usiombe jedwali la ada. Omba uonyeshwe ankara nzima ya mwaka mmoja ya mwanafunzi wa gredi ya 11, jina likiwa limefutwa. Mhasibu mkweli atakuonyesha.

Baadhi ya shule zina bei moja kwa anayelipiwa na kampuni na nyingine kwa anayejilipia, hasa kwenye mchango wa majengo. Hili halitangazwi kwa sauti. Ulizia. Ulizia pia punguzo la mtoto wa pili na wa tatu, na ufadhili wa watoto wa nchi yenyewe, maana shule zinazotaka darasa lisiwe la mabalozi watupu huwa na nafasi chache za aina hiyo, na anayezipata ni aliyeuliza mapema, wakati mwingine mwaka mzima kabla.

Sasa tuangalie mbadala, tukianza na ulio karibu kwa sura: shule za mtaala wa Kiingereza, zile za IGCSE na A-level. Bei yake ina upana mkubwa, toka kama milioni 10 za Tanzania kwa mwaka hadi zile zinazokimbizana na za Kimarekani. Nguvu yao kwetu ni kwamba A-level inafahamika. Kidato chetu cha sita ni mtoto wa mfumo huohuo, kwa hiyo Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), vyuo vya Uganda na Kenya, Afrika Kusini na Uingereza wote wanajua la kufanya na mtu mwenye masomo matatu ya A-level. Udhaifu wake ni kumbana mtoto mapema kwenye masomo matatu na kuyaweka yote kwenye mtihani wa mwisho. Kwa mtoto anayejua tangu miaka 16 kwamba anataka uhandisi, si udhaifu hata kidogo.

IB iko katikati. Masomo sita, alama za juu kabisa 45, na za kupata diploma 24. Inapokelewa karibu kila mahali duniani, na ndiyo sababu kubwa inayozifanya shule nyingi zenye mwenendo wa Kimarekani ziitumie kwenye miaka ya mwisho. Hapa ndipo penye nafasi ambayo nadhani wazazi wengi wanaipita bila kuiona. UWC East Africa ya Moshi na Arusha, zamani International School Moshi iliyoanzishwa mwaka 1969, iliingia kwenye familia ya UWC (United World Colleges) mwaka 2019. Shule za UWC huchukua vijana kupitia kamati za kitaifa kwa ajili ya miaka miwili ya IB, na msaada wa ada hutolewa kulingana na uwezo wa familia. Anayemaliza huko anaweza kunufaika na mpango wa Davis, ulioanza mwaka 2000, unaowasaidia wahitimu wa UWC kulipia vyuo kadhaa vya Marekani vilivyojiunga nao. Aga Khan Academy ya Mombasa, iliyofunguliwa mwaka 2003, nayo ina IB na huwatafutia msaada watoto wenye uwezo wa masomo wasio na uwezo wa fedha. Kijana mwenye akili kutoka shule ya kata, ambaye baba yake hawezi kulipa hata mchango wa majengo kwenye zile shule za dola 25,000, anaweza kutokea kwenye mlango uleule wa chuo cha Marekani. Ushindani ni mkali, nakubali. Lakini fomu hailipiwi dola 25,000.

Na chini kabisa kwa bei, ingawa si kwa thamani, kuna mfumo wa taifa. Tanzania imefuta ada ya shule za serikali hadi kidato cha sita. Kenya, mzazi wa mtoto wa bweni katika shule ya kitaifa amekuwa akilipa shilingi 53,554 kwa mwaka, serikali ikiongeza 22,244. Weka shilingi 53,554 kando ya milioni mbili na nusu za Kenya, ambazo ni ada ya Kimarekani ya dola 20,000, uone umbali wake. Shule za binafsi za mtaala wa taifa Tanzania, zile ambazo wazazi wa tabaka la kati wanazigombania, nyingi ziko kati ya milioni 2 na 6 na bweni ndani yake. Kasoro zake zinajulikana na hazihitaji kurudiwa hapa: darasa lililojaa, kukariri, na Mei ya kidato cha sita inayoamua kila kitu.

Lakini angalia kinachofuata. Kwa Mtanzania anayesoma kozi ya kawaida ya miaka mitatu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ada ya masomo ya mwaka huzunguka milioni moja hadi milioni moja na nusu. Shahada nzima inagharimu chini ya ada ya mwezi mmoja kwenye hesabu yetu ya mwanzo. Kwa hiyo familia inayopanga kumrudisha mtoto kwenye chuo cha nyumbani imelipa bei ya Marekani kwa ajili ya mlango ambao majirani wake wameuingia kwa bei ya Mlimani. Tena mlango huo kwake ni mgumu zaidi. Mwenye cheti cha nje lazima apeleke matokeo yake NECTA yasawazishwe na ya hapa kabla ya kuomba chuo au mkopo wa HESLB. Kenya kazi ya kulinganisha vyeti vya sekondari hupitia baraza la mitihani, KNEC. Diploma ya sekondari ya Kimarekani peke yake, bila AP wala IB, ina tatizo hata nje ya Afrika Mashariki: vyuo vingi vya Uingereza haviipokei hivyo ilivyo, huomba AP, mara nyingi tatu zenye alama 4 au 5. Mzazi anayedhani cheti cha Kimarekani kinafungua kila mlango duniani aulize kwanza mtoto wake atakaa mitihani ipi.

Kwa hiyo hesabu ianzie mwisho irudi nyuma. Chuo gani? Nani atakilipia? Vyuo vya binafsi vinavyojulikana Marekani, ukijumlisha ada, chumba na chakula, vimevuka dola 80,000 kwa mwaka. Msaada wa serikali ya huko ni wa raia na wakazi wa kudumu. Vichache, vikiwamo Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, huchagua wanafunzi wa kigeni bila kutazama uwezo wao wa kulipa na kisha hufidia upungufu wote. Kuingia humo ni bahati nasibu hata kwa mtoto wa kwanza darasani. Vingine vyote huangalia fedha. Hesabu ya msaada inaanza na mapato na akiba ya familia, na aliyemaliza akiba yake kwenye gredi ya 3 na ya 4 hatapewa pole kwa hilo.

Na vyuo hivyo havidai mtoto awe ametoka shule ya Kimarekani. Vinapokea matokeo ya NECTA, KCSE, A-level na IB. Watanzania na Wakenya wameingia huko kutoka Ilboru na Alliance kabla hata baadhi ya shule hizi za kimataifa hazijapata maktaba. Kinachomkosesha mtoto wa shule ya kawaida si cheti; ni mshauri wa kumwambia lini aombe, insha ya maombi inaandikwaje, na fomu za fedha zinajazwaje. Ushauri huo hutolewa bure na ofisi za EducationUSA zilizo chini ya balozi za Marekani, Dar es Salaam na Nairobi. Naona ajabu kwamba mzazi anaweza kulipa milioni 60 kwa mwaka, sehemu yake ikiwa ni ya mshauri wa vyuo, bila kuwahi kupita pale.

Ipo familia ambayo kwake shule ya Kimarekani ni chaguo la kawaida kabisa. Mtoto aliyezaliwa Houston wazazi wakiwa masomoni ana pasipoti ya Marekani, anaweza kuomba msaada wa serikali ya huko, na pengine ana shangazi wa kumpokea. Wazazi wanaohamahama kila miaka mitatu, leo Dar, kesho Amman, nao wanahitaji mfumo utakaowasubiri huko waendako, na gredi ya 7 ya Masaki inaungana na gredi ya 8 ya mji mwingine bila mtoto kurudia kitu. Kwa hao, na hasa kama mwajiri analipa, sina la kusema. Waangalie ithibati tu. IST na ISK zimeidhinishwa na Council of International Schools na Middle States Association. Shule yoyote inayojiita ya Kimarekani bila ithibati ya chombo cha aina hiyo inauza jina. Ndugu zetu walioko Dubai wana unafuu hapa, kwani mamlaka ya elimu ya huko, KHDA, hudhibiti upandaji wa ada za shule binafsi na kutangaza ripoti za ukaguzi kila mtu azisome. Sisi tunaulizana kwenye makundi ya WhatsApp.

Wanaonitia wasiwasi ni wale wa katikati: Mtanzania au Mkenya ambaye kwa sasa mwajiri anamlipia, kwa mkataba wa miaka miwili miwili. Mradi ukifungwa mtoto akiwa gredi ya 6, atahamia kwingine na kulia wiki moja. Ukifungwa akiwa katikati ya gredi ya 11 kwenye IB, hasara ni kubwa, kwa sababu diploma ile ni kazi ya miaka miwili isiyokatika. Nusu yake haina soko. Hapo AP ina faida isiyotajwa sana. Kila somo ni la mwaka mmoja na mtihani wake, na alama ya 5 ya hesabu aliyoipata gredi ya 11 ni yake hata akimalizia gredi ya 12 mahali pengine. Anayeishi kwa mkataba mfupi angepaswa kulitilia hilo uzito kuliko uzuri wa bwawa la kuogelea.

Kurudi mfumo wa taifa katikati ya njia nako kuna gharama isiyoandikwa. Kalenda hazikutani, mtoto aliyemaliza gredi yake Juni anakuta wenzake wa kidato wako katikati ya mwaka. Kiswahili, ambacho huko alikotoka mara nyingi hufundishwa kama lugha ya kigeni, kinamsubiri kama somo kamili, ngeli, ushairi na yote. Nimekutana na vijana waliozaliwa Kinondoni wanaomwomba mama awatafsirie maneno ya bibi. Hilo nalo ni gharama, ingawa halimo kwenye ankara.

Kama ningekuwa nashauri familia yenye uwezo wa wastani wa juu, inayojilipia, inayotaka kwa dhati mtoto aende chuo Marekani, nisingewaambia waanze chekechea. Miaka 13 kwa wastani wa dola 20,000 ni dola 260,000, yaani shilingi milioni 650. Miaka minne ya mwisho kwa dola 25,000 ni dola 100,000, milioni 250. GPA inayopelekwa chuoni inaanza gredi ya 9. Alama za gredi ya 4 hakuna chuo kitakachoziomba. Mtoto asome shule nzuri ya mtaala wa taifa au wa Kiingereza mpaka miaka 14, Kiswahili kikae, ndugu na marafiki wakae, kisha aingie gredi ya 9 mwezi Agosti. Zinabaki dola 160,000, kabla ya kutoa ada ya shule aliyotoka. Hata ukikata milioni 4 kwa mwaka za shule hiyo kwa miaka tisa, unabaki na dola zipatazo 145,000. Hizo zinakaribia kumaliza miaka minne ya chuo cha jimbo chenye gharama ya dola 40,000 kwa mwaka, na vipo vyuo kama hivyo kadhaa. Zikikaa kwenye hati fungani za serikali badala ya kulala chini ya ankara, zinaongezeka.

Tatizo la njia hii ni nafasi. Shule zilizojaa hupenda watoto wanaoingia wadogo, na mtihani wa kuingia gredi ya 9 hupima Kiingereza na hisabati bila huruma. Kwa hiyo maombi yaanze mtoto akiwa na miaka 12, na Kiingereza chake cha kuandika, si cha kuzungumza, ndicho cha kushughulikia kabla ya yote. Na kabla ya kutia saini mkataba wa shule, soma kifungu cha kuondoka. Shule nyingi hudai taarifa ya maandishi muhula mzima kabla. Asiyeitoa hupoteza amana, na wakati mwingine hudaiwa ada ya muhula ambao mtoto hatausoma. Mwajiri akikuambia Machi kwamba mkataba haufanywi upya, barua hiyo iwe mezani kwa mkuu wa shule wiki hiyohiyo.